Madini ya kwetu, makali ya wenzetu

Fundi wa mashine ya kukereza anakijua vizuri kile kipande kidogo cha kabidi kinachofungwa kwa skrubu kwenye kishikio cha kukatia chuma. Mara nyingi ubavuni kina rangi ya dhahabu na juu ni cheusi. Kilipotoka kwenye tanuri la kupakia utando kilikuwa cha dhahabu pande zote. Weusi wa juu umetokana na kupigwa kwa maji yenye punje laini za aluminiamu oksidi, zilizokwangua dhahabu mahali ambapo chuma kinachokatwa kitapita kikisugua. Ubavuni dhahabu imeachwa kwa makusudi, ili fundi aone mapema makali yanapoanza kulika.

Hatua hiyo ya mwisho haizungumzwi kwenye mijadala ya madini ya Afrika Mashariki na Kati, na ingestahili kuzungumzwa. Viongozi wa ukanda huu wanaposema wanataka kuongeza thamani, mawazo hukimbilia viwanda vikubwa vya kuyeyusha na kusafisha. Viwanda hivyo vinahitaji mtaji mkubwa, umeme mwingi na miaka ya kusubiri. Kumalizia na kunoa upya zana za kukatia ni kazi ya karakana ya kawaida yenye watu waliofundishwa vizuri.

Mashine ya kurusha maji na punje haina uchawi. Ni kabati lililofungwa, na chini yake lina tangi la tope jepesi la maji na punje. Pampu hulizungusha tope hilo hadi kwenye mdomo wa bomba, na hapo hewa ya kompresa hulirusha kwa kasi kwenye zana. Maji huzivika punje ngozi nyembamba inayozifanya ziteleze badala ya kujichimbia kwenye uso wa zana, na kwa sababu hiyo fundi anaweza kutumia punje ndogo mno ambazo zikiwa kavu zingegeuka vumbi tu. Kwenye viwanda vikubwa kazi hii hufanywa na roboti. Yapo pia makabati ya mkono, ambayo fundi hutumbukiza mikono yenye glavu ndefu na kutazama kazi yake kupitia kioo.

Kwa nini zana iliyokwisha kunolewa ipigwe tena? Kabidi ni ngumu sana lakini haina unyumbufu. Inapotoka kwenye jiwe la almasi, makali yake yakitazamwa kwa hadubini yana mapengo na vishungi. Keekee ya namna hiyo ikiingizwa kwenye chuma cha pua, makali humeguka kabla kazi haijachanganya. Tope la punje huondoa vishungi na kuviringa ukingo kidogo sana, kwa kawaida kati ya mikromita 5 na 30 au zaidi kidogo, wakati unywele wa mtu una unene wa mikromita zipatazo 70. Anayekata aluminiamu hutaka ukingo mkali zaidi, na anayekata chuma cha kusubu huhitaji ulioviringika zaidi. Kwa maneno mengine, makali hupunguzwa ili yadumu, na kujua yapunguzwe kiasi gani ndiko ufundi wenyewe.

Baada ya utando kupakwa, kazi hurudi tena. Utando wa rangi ya dhahabu na wenzake, ukipakwa kwa gesi kwenye joto linalokaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi, husinyaa kuliko kabidi iliyo chini yake wakati wa kupoa, ukabaki umevutika na wenye nyufa ndogondogo. Mapigo ya tope huugandamiza, na utando uliogandamizwa haupasuki upesi. Utando unaopakwa kwa joto la chini zaidi, nyuzi 400 hadi 500, huacha vitone vidogo vilivyoganda juu yake. Hivyo navyo hulainishwa kwa njia hiyohiyo.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua maji, na hii inahusu uhai wa watu. Mmarekani Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia alipata hataza ya kusafisha na kuchonga kwa mchanga unaorushwa mwaka 1870. Mchanga mkavu ukipiga chuma hupasuka na kuwa vumbi la silika, ambalo huingia mapafuni na kuyatia makovu yasiyopona. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wenye silika katika kazi hiyo kwa kanuni za mwaka 1949. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Uturuki ilichukua hatua mwaka 2009, baada ya vijana waliokuwa wakipauza suruali za jinzi kwa mchanga kuugua na kufa. Karakana inayoanza leo haina sababu ya kupitia makaburi hayo tena. Ianze na maji, na mchanga wa mtoni usikanyage ndani yake.

Uhusiano wa Afrika Mashariki na Kati na zana za kukatia uko ardhini. Kabidi ya kukatia, iliyopewa hataza na Karl Schröter wa kampuni ya Osram nchini Ujerumani mwaka 1923, ni punje za tangsteni na kaboni zilizoshikanishwa kwa kobalti. Takriban asilimia 70 au zaidi ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba, ambako wachimbaji wa Kolwezi huzungumza Kiswahili. Sehemu kubwa huishia kwenye betri, lakini zana za kukatia nazo haziwezi kuikosa. Tangsteni huchimbwa Nyakabingo, wilayani Rulindo, kaskazini mwa Kigali. China, inayozalisha zaidi ya asilimia 80 ya tangsteni duniani, iliweka vizuizi vya kuiuza nje Februari 2025. Mwezi huohuo Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na baadaye ikaweka viwango maalumu kwa kila muuzaji. Hata hivyo keekee zilizotengenezwa kwa madini hayo hurudi Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi zikiwa zimefungwa kwenye vikasha vya plastiki, kwa bei za ng'ambo.

Keekee nzima ya kabidi inaweza kunolewa upya mara kadhaa kabla ya kuwa fupi mno. Inahitaji jiwe la almasi, mashine ya kunolea inayoshika pembe sawasawa, kabati la tope la maji na utando mpya. Katika hizo, utando ndio ghali, na hapo serikali zinaweza kusaidia kwa kuweka tanuri moja la kutumiwa na karakana nyingi. Tanzania ina mahali pa kuanzia: kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools wilayani Hai, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria na kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, kilikusudiwa kutengeneza mashine za karakana. Kenya ina taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, na Rwanda ina ya kwake, NIRDA.

Yapo mambo ya kukazania tangu siku ya kwanza. Maji huila kobalti iliyo juu ya kabidi na kuiacha zana dhaifu, kwa hiyo tope lazima liwe na dawa ya kuzuia kutu na zana ioshwe na kukaushwa mara moja. Kobalti iliyoyeyuka hubaki kwenye maji, na maji hayo hayafai kumwagwa mferejini; tope lichujwe, masalia yahifadhiwe na kupelekwa kwa wanaorejesha madini. Vilevile punje huchakaa na kuwa ndogo, hivyo zipimwe kila zamu. Kabla ya kununua kabati la pili, mwenye karakana anunue hadubini ya kupimia ukingo na amlipe vizuri fundi anayejua kuisoma.