Meli za watalii zimerudi, lakini nani atawaambia vijana wetu kuhusu mrama?

Kaskazi ikishashika, Mombasa hujua wageni wako njiani. Alfajiri moja utaamka uione pale Kilindini meli nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, imefunga gati. Ngoma zitapigwa, wauza vinyago na leso watapanga vitu vyao, na mabasi ya watalii yatajipanga foleni. Jioni meli yang'oa nanga yaenda zake, pengine Zanzibar, pengine Shelisheli. Msimu wenyewe ni huu wa kati ya Novemba na Machi hivi, wakati Ulaya ni baridi na bahari yetu imetulia. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili, meli hizo huzioni tena. Wenyewe wanajua abiria aliyelipa pesa nyingi hataki kukumbatia ndoo.

Na kila meli ikifunga gati, hotuba ni ile ile: uchumi wa samawati, nafasi za kazi, vijana wa Pwani wachangamkie. Waziri atasema, gavana atasema, na mbunge naye hatabaki nyuma. Mimi sipingi. Kazi ya melini ni kazi halali, na ziko nyumba mjini hapa zimejengwa kwa pesa hizo. Lakini kuna jambo moja ambalo sijalisikia katika hotuba hata moja, na najua wengine watalicheka. Jambo lenyewe ni kutapika.

Nina mpwa wangu, mwana wa dada yangu, kijana wa Likoni aliyekulia karibu na feri. Alisoma kozi zake za usalama wa baharini, akapata cheti cha daktari, akapitia kwa wakala ambaye sitamtaja, akapata mkataba wa miezi minane wa kuosha vyombo katika jiko la meli ya kitalii. Ukoo mzima ulichanga. Wakala alitaka pesa za "kushughulikia faili", dada yangu akauza bangili zake mbili, na mimi nikakopa kwenye chama chetu. Kijana akapanda ndege, akapokea meli Barcelona.

Siku ya tatu wakavuka ile ghuba iliyo kati ya Barcelona na Marseille. Huko kuna upepo uitwao mistral, huteremka kwa kishindo kutoka nchi kavu ya Ufaransa, na bahari huchafuka kwa muda wa saa chache tu. Kijana akashikwa na kigegezi. Alidhani ni chakula. Akatapika mpaka ikawa hatoki kitu ila nyongo, jasho jembamba likimtoka, na masufuria yanamngoja. Bahari ikatulia, akapata nafuu, wiki iliyofuata ikachafuka tena, naye akaanguka tena. Wenzake wakamcheka: wewe si mtoto wa Mombasa wewe? Msimamizi akamwambia kama hawezi kazi aandike barua. Akaandika. Wiki ya tano alikuwa sebuleni kwa mamake, hataki kutoka nje, na nauli ya ndege ilikuwa imekatwa katika mshahara wake.

Nitarudi kwenye hiyo barua, maana ndiyo iliyotuumiza zaidi. Lakini kwanza hili la mtoto wa Mombasa.

Sisi watu wa mwambao tuna imani kwamba bahari iko kwenye damu. Si kweli. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba. Wavuvi wengi wa mashua na ngalawa huvua ndani ya mwamba, ambako wimbi limekwisha kuvunjika kabla halijafika. Feri ya Likoni nayo huvuka mlango wa maji, dakika chache tu, na anayeivuka kila siku kwa miaka 20 hajaionja bahari kuu hata mara moja. Hata Lamu, kutoka Mokowe hadi mjini ni maji ya ndani. Lakini muulize aliyekwenda Kiwayu au Kiunga kwa boti wakati wa kusi, akapita pale ambapo kisiwa hakikukingi tena, atakwambia habari nyingine. Mimi nilikwenda mara moja. Sitaki kueleza zaidi.

Wala si aibu ya sisi peke yetu. Nelson, yule amiri mkubwa wa jeshi la majini la Uingereza, alisumbuliwa na bahari maisha yake yote. Darwin alizunguka dunia na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836, karibu miaka 5, na hakuizoea. Hawa hawakuwa watu legelege.

Kinachotokea ni hiki. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vitatu vyenye majimaji, na pembeni yake vijipande vidogo mfano wa mchanga, kazi yao ni kuuambia ubongo mwili unakwenda wapi. Sasa kijana yuko jikoni, hakuna dirisha. Macho yanamwona sufuria na ukuta, vyote vimetulia kwa sababu vinakwenda pamoja naye. Sikio linapiga kelele kwamba tunapanda, tunashuka, tunalala ubavu. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana huvurugika, na tumbo ndilo linalolipa. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya mabaharia wote ni kutoka nje kutazama pale mbingu na bahari zinapokutana. Macho na masikio yapate kukubaliana.

Utaniambia meli za siku hizi hazitikisiki. Ni kweli kiasi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Wazee wetu walikuwa na neno lake: chombo kuyumba ubavu huu na ubavu huu ni kwenda mrama. Leo tunasema mipango imekwenda mrama na tumesahau kwamba neno ni la baharini. Meli kubwa za kitalii zina mapezi mawili chini ya tumbo, kama ya samaki, ambayo hutolewa nje zikiwa safarini na kurudishwa ndani zikikaribia gati. Mtambo huyageuza kila wimbi linapoipiga meli ubavuni, na mrama hupungua sana. Lakini mapezi hayana la kufanya wimbi linapokuja mbele, omo ikapanda na tezi ikashuka, kisha kinyume chake. Wala hayazuii meli nzima kuinuliwa na kuteremshwa na yale mawimbi marefu yanayosafiri kutoka kwenye dhoruba za mbali. Na uchunguzi uliofanywa tangu miaka ya 1970 unaonyesha kwamba mwendo unaotapisha watu kuliko yote ni huo wa kupanda na kushuka polepole, mara moja kwa kila sekunde 5 au 6. Mtikiso wa haraka haraka, kama wa tuktuk kwenye barabara mbovu, hukuchosha mgongo tu.

Kwa hiyo swali ni nani anayelala wapi. Mahali panapotulia zaidi katika chombo chochote ni katikati na chini. Wahenga walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, nasi hulitumia neno hilo kwa mambo ya dunia, lakini baharia anayeumwa na bahari hulielewa kwa maana yake ya asili. Abiria anayejua mambo huomba chumba cha katikati, ghorofa ya chini, chenye dirisha. Mfanyakazi hachagui. Vyumba vyao mara nyingi huwa chini kabisa, wawili wawili au zaidi, bila dirisha, na vingi viko upande wa omo, palipo na mruko mkubwa. Mpwa wangu alikuwa huko. Kutoka kitandani alikuwa akisikia mawimbi yakigonga chuma usiku kucha. Kisha asubuhi anaingia jikoni, penye joto, mafuta na harufu ya samaki, vitu vitatu ambavyo hata mtu mzima wa afya aliye nchi kavu vikimkuta na njaa vitamgeuza tumbo. Na mtalii akiumwa atalala, ataletewa tufaha na biskuti kavu. Mwoshaji vyombo ana zamu.

Watu wengi huzoea baada ya siku mbili tatu, mwili ukishajifunza. Wachache hawazoei kabisa. Aliye katikati ya hao anahitaji msaada wa wiki za mwanzo tu, na msaada wenyewe si mkubwa. Viko vidonge vinavyouzwa katika kila duka la dawa hapa mjini, na ipo plasta ya kubandika nyuma ya sikio. Lakini vidonge humezwa kabla, saa chache kabla ya bahari kuchafuka. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Tena vingi vyao huleta usingizi, jambo la kufikiriwa kwa mtu anayeshika visu na maji ya moto, na ndiyo maana daktari aulizwe. Tangawizi nayo huwasaidia baadhi. Mpwa wangu hakuyajua haya. Katika kozi aliyosoma alifundishwa kuzima moto, huduma ya kwanza na kuruka majini na jaketi la kujiokolea, mambo muhimu kabisa, lakini kuruka kwenyewe kulikuwa kwenye bwawa la kuogelea. Daktari alimpima macho na masikio, akamgongea muhuri. Hakuna aliyewahi kumtoa nje ya mwamba usiku mmoja wakati wa kusi aone mwili wake utasema nini.

Hili serikali inaliweza. Boti zipo, bahari ipo, kusi huvuma miezi mitano bila malipo. Chuo cha mabaharia kiko hapa hapa Mombasa. Siku mbili nje ya mwamba kabla ya mtu kukopa hata shilingi zingewaokoa wengi, na wale ambao miili yao imekataa wangejua mapema wakatafute kazi nyingine za bandari, ambazo nazo zipo.

Sasa turudi kwenye barua. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, wa mwaka 2006, na Kenya ni mwanachama wake. Mkataba huo unamhusu pia mwosha vyombo na mtandika vitanda, si nahodha na injinia tu. Unasema mambo matatu ambayo kila mzazi wa Pwani angeyajua kabla hajauza bangili. La kwanza, wakala haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama za cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti zaweza kuwa zake, lakini si hiyo "kushughulikia faili". La pili, matibabu melini ni bure kwa mfanyakazi. La tatu, baharia ambaye hawezi tena kufanya kazi yake kwa sababu ya ugonjwa ana haki ya kurudishwa kwao kwa gharama ya mwenye meli.

Mpwa wangu hakwenda kwa daktari wa meli hata siku moja. Aliona haya. Atamwambia nini, kwamba mtoto wa Likoni analewa bahari? Angekwenda, ingeandikwa. Daktari angempa dawa, pengine angeomba abadilishiwe chumba au zamu, na kama mwili ungekataa kabisa, karatasi ya daktari ndiyo ingemrudisha nyumbani. Badala yake aliandika kwa mkono wake kwamba anaacha kazi kwa hiari. Mwenye kuacha kwa hiari bila sababu inayokubalika anajilipia nauli. Sikumlaumu. Nililaumu kwamba kila mtu aliyepokea pesa zetu kuanzia mwanzo alijua jambo hili, na hakuna aliyefungua mdomo.

Kwa mzazi anayesoma haya na mwanawe ana barua ya kazi mkononi: muulize wakala leseni yake, kisha wewe mwenyewe uende ofisi za mamlaka ya bahari uhakikishe. Soma ile sehemu ya mkataba inayosema nauli ya kurudi ni ya nani. Na umwambie mtoto kwamba akiumwa aende kwa daktari wa meli siku hiyo hiyo, aandikishwe, wala asitie saini karatasi yoyote akiwa na homa ya bahari.

Mpwa wangu amepata wakala mwingine mwaka huu. Mamake hataki, mimi nimenyamaza. Amekuwa akitoka na mashua za kuvua nje ya mwamba tangu kusi ilipoanza, anatapika, anarudi, anatoka tena, na anasema sasa imebaki kichwa kuuma tu. Juzi alikwenda kwenye mahojiano. Walipomuuliza kama ana swali, aliuliza chumba chake kitakuwa omo, katikati au tezi. Yule bwana akamtazama, akaitazama karatasi yake, akasema hajawahi kuulizwa hilo, atapiga simu aulize.