Mbwa Aliyelinda Nyumba Akishindwa Kusimama

Leo tuzungumze jambo ambalo kwetu Pemba husemwa kwa kunong'ona. Mbwa mkubwa wa ulinzi akishindwa miguu ya nyuma, nani amuuguze? Na mwanamke wa Kiislamu anaruhusiwa kumshika?

Hapa Mkoani hatufugi mbwa kwa mapambo. Wengine wanaye kwa sababu ya tumbili wanaomaliza ndizi na mahindi shambani, wengine kwa kulinda nyumba mume akiwa safarini Unguja au bara. Dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wamo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i waliokisia humo na ulinzi wa nyumba. Lakini uzee ukimfika, au akigongwa na gari akaanza kuburura miguu, hapo ndipo tunapokumbuka kuwa ni najisi. Hufungwa kwenye mnazi asubiri kufa, au hubebwa akatupwa porini. Mimi nauita huo uvivu uliovalishwa kanzu.

Najisi ina hukumu zake na tumezisoma tangu chuoni. Mate na majimaji ya mbwa yakikugusa, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Akiwa mkavu nawe mkavu, hakuna kilichonajisika. Kwa hiyo vaa glavu, tenga nguo moja kuukuu ya kazi hiyo, weka chombo chake na kamba yake mbali na vyako, kisha oga uende ukasali. Sheria imetufundisha namna ya kujitoharisha. Haijatuambia tumwache kiumbe aoze hai.

Kabla ya huruma, tahadhari. Mbwa akilegea miguu ghafla, akatoa mate mengi, akabadilika sauti au tabia, usimguse kabisa, kwani kichaa cha mbwa nacho huja na kupooza. Mfungie mbali na watoto, muite daktari wa mifugo. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye mchubuko, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Chanjo tusiipuuze. Kisiwa chetu kilichanja mbwa mpaka ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Ulirudi 2016, na ukamalizwa tena 2018.

Ikiwa daktari amesema ni uzee wa viungo, nyonga au uti wa mgongo, kazi inawezekana. Mbwa mkubwa hufika kilo 35, na ukimnyanyua kwa mikono mgongo wako ndio utakaoumia. Mteja wangu mmoja alikuja dukani akaniomba nimshonee mkanda wa kumnyanyulia mbwa wake, lakini kwa siri, watu wasimseme. Nilimshonea, na nawaambia namna yake hadharani. Chukua kipande cha turubai au gunia zito, upana wa shubiri moja na zaidi kidogo. Kitie bitana ya kitambaa laini cha pamba, na mishono ikae nje isimchubue. Kila upande weka mshikio mrefu, ukufike mkononi bila kuinama. Mkanda unapita chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma. Kwa dume usizibe njia ya mkojo. Unamwinua nyuma tu, mbele anatembea mwenyewe.

Mlalie gunia lililojazwa usumba, mahali pakavu penye kivuli, na mgeuze upande kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia. Saruji inateleza, mtandikie jamvi kuukuu. Mkojo na kinyesi visimkaukie mwilini, nzi watataga na funza wataingia. Akipitisha siku nzima bila kukojoa, muone daktari. Punguza chakula asinenepe. Na dawa zetu za maumivu, panadol na nyenginezo, usimpe kwa kukisia, zinaweza kumuua. Maumivu yasipotulizika, shauriana na daktari juu ya mwisho wake. Sumu na mawe si ihsani.

Jambo jengine: kazi hii isiachiwe mama peke yake. Aliyemleta mbwa nyumbani ndiye wa kwanza kuwajibika, na vijana wa kiume wana mikono ya kushika mkanda. Tumezoea mume kununua, mke kuuguza.

Mtume (S.A.W.) ametusimulia mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Wameipokea Bukhari na Muslim. Mbwa yule hakuwa wake, wala hakuwahi kumlindia chochote. Huyu wako alikesha nje miaka ukalala usingizi. Ukitaka kumuacha, basi tafuta sababu nyengine, usiisingizie dini.

Leo usiku kaeni kitako mgawane zamu: nani wa asubuhi, nani wa magharibi. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa wote walio chini ya mikono yetu. Amin.