Samaki Gani Afaaye Kufugwa katika Tangi la Kioo?

Mtoto wa Baraka hahitaji kufundishwa namna ya kukamata samaki mdogo. Humkamata, humtia katika chupa yenye mdomo mpana, humweka dirishani, na siku ya tatu mama mtu huitupa chupa kwa sababu ya harufu. Ndipo watu husema kwamba samaki wa ziwa hafugiki nyumbani. Hasha! Samaki wa ziwa letu la Tanganyika hufugwa katika nyumba za Ulaya, Marekani na Japani, na wafugaji wa huko hununua chumvi za namna kadha wa kadha ili maji ya bomba yapate kufanana na maji tuyachotayo sisi kwa ndoo bila kulipa. Samaki wa yule mtoto alikufa kwa sababu hakuchaguliwa, alipatikana tu.

Atakaye kuanza, na asitazame kwanza uzuri wa samaki. Aulize mambo matatu: akikua atakuwa mkubwa kiasi gani? Hula nini? Huishi na nani?

Twaa mfano wa kuhe. Watoto wake huogelea pwani kwa makundi, wakilindwa na baba na mama, nao wapendeza macho. Lakini kuhe mzima huweza kupita sentimeta 60, na wataalamu humhesabu kuwa mkubwa kuliko wote wa jamaa yake duniani. Utamtia wapi? Kambale naye hudanganya kwa njia nyingine. Kwa kuwa aweza kuvuta hewa ya juu, hafi upesi katika maji mabaya, basi kijana hufikiri amepata samaki wa kufugwa kwa urahisi. Kumbe kambale huwameza wenzake usiku, huruka nje ya chombo, na akiachwa akue huweza kupita meta moja. Ndagala ni kinyume chake: ukimgusa tu magamba yamtoka, naye afa kabla hujafika nyumbani. Huyo tumwachie mvuvi na sufuria.

Wako pia wale wa kwenye mawe, kama yale ya rasi ya Ubwari, wanaokwangua mwani juu ya miamba siku nzima. Jina lao la kitaalamu ni Tropheus. Wazungu huwapenda sana kwa rangi zao. Mmoja wao, mwenye madoa meupe utotoni, alielezwa na Georges Marlier mwaka 1959. Lakini ni samaki wagomvi, hutaka kukaa wengi pamoja katika tangi kubwa, na wakilishwa vyakula vizito tumbo huvimba wakafa. Kwa mwanafunzi wa ufugaji hawafai hata kidogo.

Basi ni nani afaaye? Kwa maoni yangu ni yule mdogo akaaye ndani ya kombe la konokono. Katika sakafu ya mchanga ziwani yamelala makombe matupu ya konokono mkubwa, na ndani yake huishi samaki wa namna mbalimbali. Mmoja wao ni yule ambaye Boulenger alimwandika mwaka 1899, na leo huitwa Neolamprologus brevis. Hupatikana sehemu nyingi za ziwa. Dume hufikia kama sentimeta 6 tu, na jike ni mdogo zaidi. Mume na mke hukaa katika kombe moja: hatari ikija, jike huingia kwanza, kisha dume humfuata na kuuziba mlango. Mayai hutagwa humo ndani. Kwa kuwa akitishwa hukimbilia nyumbani mwake, mzamiaji huweza kumwinua pamoja na nyumba yake, bila wavu. Nasema bila wavu makusudi, kwani kukokota chandarua cha mbu pwani kwa ajili ya samaki wawili ni kuua watoto elfu wa samaki wengine, ambao ni kitoweo chetu cha mwaka ujao.

Tangi lenye urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30 huchukua lita 54. Hizo ni kilo 54 za maji, mbali na mchanga na kioo chenyewe; meza ya mguu mbovu haitazistahimili. Tia mchanga safi wa ziwani, vidole viwili kwenda juu, na makombe manne au matano yaliyooshwa vizuri. Wawili hao wanatosha. Najua utatamani kuongeza wa tatu na wa nne, hasa jirani akikuletea zawadi. Kataa kwa adabu.

Sababu ya kukataa ni hii. Samaki hutoa kwa njia ya matamvua sumu iitwayo amonia. Ziwani sumu hiyo hupotea katika maji mengi, bali katika tangi hujikusanya. Tena maji yetu yana tabia ya magadi: katika kipimo cha wataalamu, ambacho 7 ni katikati, maji ya Tanganyika hukaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi. Wako vijidudu wema ambao huishi mchangani na kuigeuza sumu hiyo, lakini huhitaji muda wa kuzaliana. Kwa hiyo jaza tangi, tia unga wa ndagala mkavu kiasi cha punje ya chumvi kila siku, ungoje wiki nne hivi, ndipo ulete samaki. Baadaye toa robo ya maji kila wiki, urudishe maji ya ziwa yenye joto lile lile. Maji ya mvua usiyatumie, kwani hayana yale magadi waliyoyazoea. Asiye na umeme wala pampu asivunjike moyo: tangi pana, lenye samaki wawili na lililo wazi juu, hupata hewa ya kutosha.

Chakula chao ni viluwiluwi vya mbu na wadudu wadogo wa majini. Unga wa ndagala huzoewa polepole. Wapewe kidogo, na kinachobaki kiondolewe.

Ndugu zetu wa Fizi wana kazi zaidi. Maji watayapandisha kwa bidoni, na usiku wa mlimani ni wa baridi, hali maji ya juu ya ziwa huwa na joto la digrii 24 hadi 27. Tangi likae chumba cha ndani, nalo lifunikwe blanketi usiku pande zake zote nne.

Wazazi nao wana neno lao hapa. Kipindupindu hakijaacha kuisumbua pwani yetu, nacho huja kwa maji. Ndoo ya tangi isiwe ndoo ya kunywa, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila atokapo kushika maji ya samaki.

Mwenye jamaa mjini huenda akaletewa samaki wa kigeni, kama wale wadogo wenye mikia ya rangi watokao Amerika ya Kusini. Wanafugika, lakini wasitupwe ziwani kamwe, hata wakikuchosha. Katika ziwa Viktoria sangara, ambaye ni ndugu wa sangala wetu, alitiwa na watu katika miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 samaki wadogo wa asili, aina kwa mamia, walikuwa wamekwisha au kupungua mno. Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za jamaa ya kuhe peke yake, na karibu zote hazipatikani penginepo.

Wawili wako wakikupendeza, siku moja utaona vichwa vidogo vikichungulia mlangoni mwa kombe. Usiliinue kuhesabu watoto. Waache hata wafikie urefu wa ukucha wa kidole gumba, ndipo uanze kutafuta tangi la pili.