Tegu wa Nguruwe Huanzia Kwetu

Katika Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, nguruwe ni akiba ya mkulima. Akiuzwa hununua mbolea ya kahawa, sare za shule na dawa ya mgonjwa. Kwa hiyo maradhi yanayomwandama mnyama huyu ni jambo linalogusa uchumi wa kijiji na uhai wa watu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha, kwa kipimo cha damu, kwamba kiasi cha nguruwe mmoja katika kila watatu waliopimwa wilayani Nyasa alikuwa na maambukizo ya tegu. Hiyo si hesabu ya kupuuzwa.

Mtu alaye nyama yenye malengelenge ya tegu, nayo haikuiva, hupata mnyoo huo tumboni. Mayai yake hutoka na kinyesi. Nguruwe azururaye hula kinyesi hicho, na malengelenge huota katika nyama yake. Lakini mayai hayo hayo yakiingia kinywani mwa binadamu kwa mikono michafu, maji au mboga, yaweza kuleta malengelenge katika ubongo na kusababisha kifafa. Ndiyo maana hata asiyeonja kamwe nyama ya nguruwe hayuko salama ikiwa jirani yake hana choo.

Basi mwenye kifafa asidhaniwe kuwa amerogwa, wala asikimbiwe aangukapo. Apelekwe zahanati.

Wako wanaodhani kwamba inatosha kukamata nyama mbovu na kuiteketeza. Ukaguzi ni wa lazima. Hata hivyo, mkulima anayejua kuwa atapoteza mali yake bila fidia atachinja usiku, na nyama ile ile italiwa. Iko dawa ya oksfendazoli, ambayo dozi moja sahihi huua malengelenge yaliyo katika nyama ya nguruwe aliye hai. Wataalamu wa mifugo waifikishe vijijini, na muda wa kungoja kabla ya kuchinja uheshimiwe.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Wamatengo, ambao kwa jembe wamehifadhi miteremko yao kwa kilimo cha ngoro, hawawezi kushindwa na shimo la choo.

Serikali za vijiji zisimamie mambo matatu: kila nyumba iwe na choo, kila nguruwe awe bandani, na kila nyama iive sawasawa.