Hospitali Ijengwe kwa Maradhi ya Leo na ya Kesho

Hospitali mpya inapofunguliwa, swali la kwanza la wananchi huwa ni idadi ya vitanda. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Liko jingine ambalo aghalabu huachwa: je, jengo hilo litafaa kwa kazi gani baada ya miaka thelathini? Jengo la mawe na saruji huweza kudumu nusu karne au zaidi, ilhali maradhi, dawa na vyombo vya uganga hubadilika mara nyingi katika muda huo. Mpango usiozingatia tofauti hiyo hulifanya taifa lilipe mara mbili: kwanza kwa kujenga, kisha kwa kubomoa.

Historia ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ni fundisho. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1926 ili kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo haikuwapo dawa ya kuua viini vya maradhi hayo. Tiba ilikuwa mapumziko marefu, chakula bora na hewa safi. Mwaka 1943 streptomaisini iligunduliwa nchini Marekani, na zilipofuata dawa nyingine, wagonjwa wengi hawakulazimika tena kulazwa kwa miezi mingi. Katika nchi nyingi nyumba za namna hiyo zilifungwa. Kibong'oto iliendelea. UKIMWI ulipoenea, kifua kikuu nacho kiliongezeka. Kisha vikatokea viini visivyosikia dawa za kawaida, na mwaka 2009 hospitali hiyo ikaanza kutibu kifua kikuu sugu. Hakuna mpangaji wa mwaka 1926 ambaye angeweza kuyatabiri hayo yote.

Kwa hiyo busara ya mpangaji haimo katika kubashiri, bali katika kutenga vitu vinavyodumu na vile vinavyobadilika. Uzito wa paa na sakafu ukibebwa na nguzo, kuta za kati zaweza kuondolewa bila kulidhuru jengo. Ukibebwa na kuta hizo, kila badiliko huwa la hatari na gharama. Mabomba na nyaya zipitishwe mahali ambapo fundi aweza kuzifikia, zisizikwe ndani ya zege. Aidha, ncha za majengo ziachiwe uwanja. Msanifu John Weeks alifuata fikra hii katika hospitali ya Northwick Park, London, iliyofunguliwa mwaka 1970. Majengo yake yaliunganishwa kwa ujia mkuu, mfano wa nyumba zilizopangwa kando ya barabara, ili kila moja liweze kurefushwa bila kuyavuruga mengine.

Hitaji moja halibadiliki, nalo ni hewa safi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka wodi ya kawaida inayotegemea upepo ipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Mwanafunzi aweza kupiga hesabu. Chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 60. Wakilazwa humo wagonjwa watatu, zahitajika lita 180 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 648 kwa saa. Maana yake ni kwamba hewa yote ya chumba hubadilishwa karibu mara 11 kila saa. Madirisha makubwa yanayokabiliana huweza kuifanya kazi hiyo bila umeme. Dirisha dogo la upande mmoja ni vigumu kuiweza.

Wapo wasemao kwamba kuacha nafasi ya akiba ni anasa kwa nchi isiyo na fedha nyingi. Lakini wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu wanaongezeka, na wengi wao hawahitaji kitanda. Wanahitaji chumba cha kuonana na mganga mara kwa mara, kwa miaka mingi. Zahanati isiyo na pa kuongeza chumba huwaketisha kwenye baraza moja na wanaokohoa. Nchi isiyo na fedha nyingi ndiyo hasa isiyomudu kujenga mara mbili.

Basi kamati ya ujenzi, kabla ya kuikubali ramani, imuulize msanifu maswali manne, na muuguzi awepo kuyasikia majibu. Ukuta upi waweza kuondolewa? Mabomba yatafikiwa wapi? Upepo utaingia na kutoka wapi? Na jengo likihitaji kukua, litakua kuelekea upande gani?