Jirani Zetu wa Mkonge Wanahitaji Mashahidi

Ndugu zangu wa Kwale, Kilifi na Taita Taveta, nawaandikia juu ya watu tunaoonana nao kila siku kisimani, sokoni na kwenye mazishi. Ni wana na wajukuu wa Warundi walioletwa Pwani zama za ukoloni na miaka iliyofuata, kuja kukata mkonge na miwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, wengi hawakuwa na kwingine kwa kwenda. Wamezaliwa hapa, wamezika wazazi wao hapa, watoto wao wanacheza na wetu. Na wengi wao hadi leo hawana kitambulisho.

Tukisikia mtu hana kipande, wengi wetu tunawaza kura. Mimi naomba tuwaze zahanati.

Kazi ya mkonge inaumiza. Jani huishia kwenye mwiba mweusi mgumu unaopenya kiatu cha mpira, na maji yake huwasha ngozi mpaka ikatoka vipele. Anayechomwa mguu anatakiwa asafishwe jeraha siku hiyohiyo na adungwe sindano ya pepopunda. Lakini mkataji hulipwa kwa matita aliyofunga, kwa hiyo siku ya kukaa foleni ni siku ya kulala bila chakula. Akijikaza akafika dirishani, swali la kwanza ni nambari ya kitambulisho. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya NHIF ilipoondolewa na SHA ikachukua nafasi yake, nambari hiyo imezidi kuwa na uzito: bila kusajiliwa, hata huduma za zahanati na vituo vya afya ambazo mwananchi hapaswi kuzilipia zinampita. Laini ya simu nayo haisajiliwi bila kitambulisho, basi hata kulipa kwa M-Pesa ni mpaka amwombe mtu.

Ndipo watu huazima. Mgonjwa anachukua kipande cha jirani, anatibiwa kwa jina la jirani. Dawa alizopewa, vipimo vya damu yake, dawa inayomdhuru, vyote vinaandikwa kwenye faili ya mtu mwingine, na siku mwenye jina akizidiwa, daktari atasoma habari zisizo zake. Mama naye anajifungua kwa jina la rafiki yake ili asifukuzwe, mtoto anaingia kwenye karatasi akiwa wa mama mwingine. Akifika miaka 18 na kwenda kwa chifu kuomba kitambulisho, mama aliyemzaa hana karatasi hata moja ya kuthibitisha kuwa ni wake. Hivyo ndivyo hali hii inavyorithiwa, na hurithiwa palepale wodini.

Madhara hayaishii kwao. Kifua kikuu hutibiwa bure katika vituo vya serikali, lakini tiba yake ya kawaida ni miezi 6, na anayeikatiza anaweza kubaki na vijidudu visivyosikia dawa. Mtu anayehofia kuulizwa "wewe ni wa wapi?" mbele ya foleni nzima, au kusimamishwa na askari njiani, ni rahisi asirudi mwezi wa tatu wa matibabu. Surua ndiyo zaidi. Ili isienee, watoto 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa wamechanjwa. Mama anayekwepa kliniki kwa kuogopa maswali ya karatasi anabaki na mtoto asiye na kinga, na mtoto huyo anakaa dawati moja na wangu na wako.

Sisemi haya ili tuwaogope. Yale maneno ya barazani kwamba wageni ndio wanaoleta magonjwa ni uongo, na yanaumiza. Kipindupindu huletwa na maji machafu na choo kimoja kinachotumiwa na nyumba nyingi. Weka ukoo wangu kwenye nyumba hizo, kwa mshahara huo, bila karatasi, nasi tutaugua vilevile.

Na kuwapa vitambulisho kunawezekana. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba hayahaya, waliishi hivi kwa miongo mingi. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, wakasimama mbele ya Ikulu pamoja na watetezi wa haki, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Kilifi. Warundi wamebaki, na sheria haikuwangoja: Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwapa nafasi ya kujiandikisha watu wasio na uraia walioishi nchini tangu 12 Desemba 1963, pamoja na uzao wao, lakini muda huo wa miaka 5, ulioongezwa mingine 3, ulikwisha mwaka 2019.

Kinachotakiwa kwanza ni ushahidi, na ushahidi tunao sisi. Nyinyi wazee mliofanya kazi Ramisi, mliokata mkonge nao, mnajua nani alikuja lini na nani amezaliwa nyumba gani. Nendeni mkaape, hati ziandikwe na zitiwe saini, maana kila mzee tunayemzika anaondoka na habari za familia nzima. Vijana, wasaidieni kuandika. Wasimamizi wa mashamba, zile daftari kuukuu za mishahara zina majina na miaka: zifungueni, na mkishazifungua, chimbeni vyoo na leteni maji safi kambini bila kungoja sheria mpya.

Wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Hakikutaja kitambulisho. Ingieni kambini kama mnavyoingia vijijini. Mama akijifungua, andikeni jina lake mwenyewe, na sisi majirani tumsindikize ili asilazimike kuazima la mtu.

Halafu tutie saini. Kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu kupeleka ombi Bungeni, na ombi letu liwe moja: ule muda uliokwisha 2019 ufunguliwe tena, na anayesubiri uraia asajiliwe SHA wakati akisubiri. Karatasi zianzie kwa wazee wa mitaa, zizunguke misikitini na makanisani, kisha apewe mbunge mkononi hadharani, kabla hajaja kutuomba kura za 2027.