Damu mapafuni: Gharama ya mbio ambayo farasi huilipa kimya kimya

MKAZI wa Malakisi, mji mdogo wa Bungoma ulio karibu na mpaka wa Uganda na uliojulikana kwa pamba na tumbaku, huenda akamaliza umri wake bila kumwona farasi wa mashindano akitimua mbio. Wanyama anaowajua ni punda avutaye mkokoteni wa maji na mahindi, na fahali alimaye shamba. Hata hivyo, kuna suala moja la farasi ambalo halipaswi kumpita, kwa kuwa linahusu haki ya kila mnyama anayemfanyia binadamu kazi.

Suala lenyewe ni kuvuja damu mapafuni wakati wa mbio. Wengi hudhani ni ajali ya nadra, kwa sababu ni farasi wachache sana wanaoonekana wakitokwa na damu puani. Ukweli ni tofauti. Madaktari wa mifugo wanapopitisha kamera nyembamba kooni mwa farasi punde baada ya mashindano, huikuta damu kwa wengi wao. Utafiti uliofanywa mjini Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2005, uliwachunguza farasi 744 na kugundua kwamba zaidi ya nusu walikuwa wamevuja damu. Wakichunguzwa mara kadhaa, karibu wote hupatikana nayo.

Kwa nini hali iwe hivyo? Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote, hupiga zaidi ya mara 200. Damu nyingi husukumwa mapafuni kwa wakati mmoja, na shinikizo katika mishipa ya mapafu hupanda kutoka takriban milimita 25 za zebaki hadi 100 na zaidi. Mishipa midogo inayopokezana hewa na damu ina kuta nyembamba mno kuliko unywele. Inapozidiwa, hupasuka. Kwa hivyo, huu si ugonjwa ulioletwa na mbu wala uchafu. Ni matokeo ya mwili uliozalishwa kwa kasi kuliko uwezo wa mapafu yake.

Isitoshe, jambo hili si geni. Mapema katika karne ya 18, Uingereza ilikuwa na farasi aliyeitwa Bartlett's Childers, ambaye watu walimbandika jina la Bleeding Childers kwa sababu alitokwa na damu puani mara kwa mara. Hakutengwa na uzazi. Kitukuu chake, Eclipse, akawa miongoni mwa farasi mashuhuri zaidi katika historia ya mchezo huo. Binadamu alichagua kasi, na udhaifu ukarithiwa pamoja nayo.

Hapo ndipo dawa iitwayo furosemidi, maarufu kwa jina la Lasix, inapoingia. Msomaji aliyewahi kumuuguza mzee mwenye maradhi ya moyo anaijua: ni dawa ya kukojoza, ya kupunguza maji mwilini. Utafiti uliofanyiwa farasi 167 nchini Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba farasi aliyekimbia bila dawa hiyo alikuwa na uwezekano wa kuvuja damu mara tatu hadi nne kuliko alipoitumia. Mgala muue na haki umpe: dawa inasaidia.

Lakini utetezi huo una doa. Farasi aliyepewa dawa hiyo hukojoa sana na kupungua uzito kabla ya kuingia uwanjani, na mnyama mwepesi hukimbia vyema zaidi. Je, anatibiwa, ama anaongezewa kasi? Nchini Marekani, ambako dawa hiyo ilitumika kwa miongo kadhaa, ilifikia hatua karibu kila farasi kudungwa sindano siku ya mashindano, awe ana tatizo au hana. Uingereza, Ufaransa na Hong Kong zilikataa itumike siku hiyo. Marekani yenyewe ilianza kubana: Kentucky Derby ya mwaka 2021 ilikimbiwa bila Lasix. Australia nayo ina kanuni kali. Farasi akitokwa na damu kupitia matundu yote mawili ya pua, hufungiwa miezi mitatu. Ikitokea mara ya pili, hufungiwa maisha.

Yanatuhusu vipi haya sisi? Kenya ina historia ndefu ya mbio za farasi. Kenya Derby ilianza mwaka 1914, na uwanja wa Ngong jijini Nairobi umetumika tangu 1954. Walowezi waliotwaa ardhi ya Trans Nzoia walikuja na farasi wao hadi Kitale. Isitoshe, si farasi pekee wanaoumia hivyo. Watafiti wamewahi kuikuta hali hiyo kwa ngamia wa mashindano katika nchi za Ghuba, nasi tuna mbio za ngamia za Maralal tangu 1990. Nyuma ya kila mnyama wa mbio yupo saisi anayemlisha, kumsugua na kumtembeza alfajiri. Huyo ndiye wa kwanza kuiona damu kwenye pua, au kumsikia mnyama akimeza mate mara kwa mara baada ya mbio. Swali ni iwapo anaweza kuripoti aliyoyaona bila kuhofia kibarua chake kuota nyasi.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inataja wazi kwamba ni kosa kumpanda, kumwendesha au kumtwika mnyama kupita kiasi. Haibagui farasi wa tajiri wa Nairobi na punda wa mchuuzi wa Malakisi. Kasoro ni kwamba neno "kupita kiasi" hubaki tupu ikiwa hakuna anayepima kiasi chenyewe. Kwa farasi, kamera ya daktari inaweza kukipima. Kwa punda, ni jicho la afisa wa mifugo wa kaunti, ambaye mara nyingi ana eneo kubwa na pikipiki isiyo na mafuta.

Waliobobea katika mchezo huu hawahitaji kuambiwa wauache. Wanachopaswa kufanya ni kumchunguza kila farasi baada ya mbio, kutangaza matokeo, kumpumzisha aliyevuja damu na kutomzalisha anayerudia. Serikali za kaunti nazo ziwape maafisa wa mifugo vifaa vya kutekeleza sheria iliyopo.

Wahenga walisema punda afe mzigo wa bwana ufike. Hawakuwa wakimsifu bwana huyo. Farasi hana namna ya kusema kwamba kifua kinamuuma; hukimbia tu anapochapwa. Kwa hivyo, aliyeshika hatamu ndiye anayestahili kuulizwa, iwe ni Ngong au ni kwenye barabara ya vumbi ya Malakisi.